Doa la Kahawia Nyuma ya Jiko

Watu wasioijua kazi yetu wakiona sehemu nyeupe kwenye ramani hudhani mchoraji alichoka, au hakufika, au alisinzia. Kwetu nyeupe ni msitu. Ni ule msitu wa miti mirefu iliyoachana, ambao mtu anaweza kuupita akikimbia bila kuchanwa na miiba. Taabu iko kwenye kijani: kadiri kinavyokolea ndivyo kichaka kinavyobana, mpaka unafika kijani kile cha mwisho ambacho mkimbiaji akikiona anakata kona. Manjano ni uwanda. Buluu ni maji. Nyeusi ni mawe na kazi za mikono ya watu. Kahawia ni ardhi yenyewe, kupanda kwake na kushuka kwake, na ndiyo rangi niliyoishi nayo zaidi kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Ndiyo pia iliyoniachia majuto haya ninayozunguka nayo bila kujua niyatue wapi.

Nchi yetu haina jina. Iliwahi kuwa nalo, nadhani, lakini lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya ramani, likaziba mito, na Msimamizi wa wakati huo akaamuru liondolewe ili mito isomeke. Jina likaondoka, mito ikabaki. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu baada ya siku chache hakuna aliyelikumbuka.

Ndivyo mambo yalivyo huku. Kila mwaka mvua zikikatika wanakuja wakimbiaji. Hatujui wanatoka wapi na hatujawahi kuwauliza. Kila mmoja ana dira kwenye kidole gumba na ramani yetu mkononi, na wanatafuta vibendera vilivyofichwa mabondeni na nyuma ya majabali. Wanasoma huku wakikimbia. Walichokiona kwenye karatasi wanakitafuta ardhini, wakikipata wanakiamini, na walichokiamini kinabaki. Kisichokuwa kwenye karatasi hawakioni. Wanapita juu yake, wanapita katikati yake, macho yako mbele, na wakishaondoka kitu hicho hakipo tena. Kinatoka ardhini kwanza, halafu kinatoka vichwani mwa watu.

Ardhi ndiyo iliyoanza, au karatasi? Nimejiuliza mpaka swali limechakaa. Ukisema ardhi, nitakuuliza mbona inasubiri ruhusa. Ukisema karatasi, nitakuuliza hiyo karatasi ilikaa juu ya nini ilipokuwa inachorwa. Msimamizi akinisikia nikinung'unika hivi hucheka, huniambia mchoraji anayewaza sana hupindisha kontua, ile mistari ya miinuko. Msimamizi hubadilika sura kila toleo jipya la ramani linapotoka. Kicheko ni kilekile.

Mimi hukaa mbele ya kompyuta. Ndege hupita juu ya nchi ikimwaga miale, na miale inarudi na kila ilichokigusa: jani, paa, mgongo wa ng'ombe, kamba ya kuanikia nguo. Kwenye skrini yangu nchi nzima inafika ikiwa vumbi la nukta, nukta juu ya nukta, na hakuna nukta iliyo bora kuliko mwenzake. Ukikaa ukilitazama vumbi hilo unaweza kulia kwa jinsi lilivyo na vitu vingi. Kisha kazi inaanza, na kazi yenyewe ni kupunguza. Unaiambia programu iondoe miti, inaondoa. Unaiambia iondoe mapaa, inaondoa. Inabaki ngozi tupu ya ardhi, na juu ya ngozi hiyo programu inachora kontua, mistari ya kahawia inayokumbatia milima kama mikunjo ya kanga iliyolaliwa. Mapaa utayarudisha baadaye kwa mkono wako, yale unayoyataka.

Na miaka imelaliana humo ndani. Kila ndege iliyowahi kupita ina tabaka lake, na tabaka ukilizima halijafutwa, liko chini pale limefumba macho. Ndiyo maana mimi nakumbuka wakati wengine wamesahau. Nikiwasha tabaka moja, nyumba fulani ina paa la nyasi. Nikiwasha jingine, ina mabati. Nikiwasha la chini kabisa, hakuna nyumba, kuna mti, na chini ya ramani hiyo kuna saini yangu, mwandiko wangu kabisa na mkia wake, wa mwaka ambao mama yangu alikuwa bado hajaolewa.

Sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Mwenye kunijua mimi ni kiti hiki tu.

Kontua za mashine zinatetemeka. Ardhi ina vinundu visivyo na idadi, na kila kinundu kinataka mstari wake, ukiviachia vyote ramani inakuwa uji. Kwa hiyo programu ina chekeche. Duara lolote dogo la kontua lililojifunga peke yake, dogo kuliko kipimo, linaanguka. Mashine inauliza kwa upole, Ondoa vyote vilivyo chini ya kipimo? Unabofya Ndiyo. Vilima vidogo, vishimo, matuta, vyote vinakwenda mara moja bila sauti.

Zamani, kabla ya mimi au wakati wangu mwingine, watu waliandamana kwa sababu ya bofyo hilo. Ndipo ikawekwa desturi ya Asubuhi ya Vidogo. Siku moja kabla ya kuchekecha tunafungua mlango, na yeyote mwenye kitu kidogo anaruhusiwa kuingia akitetee. Huja mwenye jiwe alilonolea visu maisha yake yote. Huja mwenye shimo ambalo mbuzi wake alizalia. Agizo la Msimamizi ni kwamba niwasikilize wote, nitikise kichwa kama ninayekubali, kisha nibofye. Na nilikuwa nikifanya hivyo vizuri sana. Watu walitoka wakishukuru.

Mwaka ninaousema alikuja Mama Mbonea.

Aliingia taratibu, akiwa mwanamke wa makamo, na kufikia kukaa kwenye benchi alikuwa bibi. Mambo hayo hutokea ofisini kwetu kwa sababu ya matabaka. Nyuma yake alikuja binti yake, akasimama mlangoni na mwavuli wa mama yake mkononi, akawa hajui auweke wapi. Nilimwamkia mama, akaitika, akaniuliza habari za kazi na habari za nyumbani, nami nikamjibu ni njema ingawa nyumbani sina. Akasema yule pale ni Nakijwa, mdogo wake Mbonea. Nakijwa akaniamkia. Nilimwitikia bila kugeuza kichwa, kwa sababu nilikuwa tayari natafuta mahali pao kwenye skrini.

Mbonea ndiye aliyempa mama jina. Alikuwa mtoto wa kwanza, na watu wakaacha kumwita yule mama kwa jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita kwa la mwanawe, kama ilivyo kawaida. Mbonea hakukaa. Alikuwa ameanza tu kutembea kwa kushika ukuta. Walimzika nyuma ya jiko, wakaweka tuta, na kila mwaka baada ya mvua mama huyo huongeza udongo kwa mikono yake kwa sababu tuta dogo hushuka haraka. Mtoto wa pili alipozaliwa, jina la mama halikubadilika. Halibadiliki.

Nililiona. Duara la kahawia lisilo na maana, nyuma ya alama ya nyumba. Ukikuza skrini lilionekana vizuri, na limeinama kidogo upande mmoja, kama vile mtu aliyelala chali akageuza uso. Ukirudisha skrini kwenye ukubwa wa karatasi, hakuna kitu.

"Mwanangu, usimfute," alisema. "Yuko nyuma ya jiko."

Nikamwambia ni mdogo mno, kwenye karatasi haonekani.

"Hata alipokuwa hai alikuwa mdogo."

Ningetikisa kichwa hapo. Ndilo agizo. Ningetikisa kichwa, angetoka akishukuru, wakimbiaji wangepita juu ya tuta, na kesho yake mwanamke huyo angeamka kwenye nyumba yake, akasikia kitu kimepungua asijue ni nini, akamwita Nakijwa wale. Labda watu wangeanza kumwita Mama Nakijwa. Nayaandika haya nikiwa nimeyapima kwa kila skeli niliyonayo. Lakini sikutikisa kichwa. Nilimhurumia, na huruma yangu ilikuwa mpya, haijazoea kazi.

Nikamweleza kwamba kipo kitu kimoja kinachoruhusiwa. Kilima kidogo ambacho kontua haiwezi kukishika, lakini mchoraji ameona kina maana, kinaweza kuwekewa doa la kahawia. Doa ni alama. Halipiti kwenye chekeche kwa sababu halikuchorwa na mashine, limewekwa na mkono wa mtu.

Akasema basi niweke doa.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mchoraji wa ramani za mbio analijua na hakuna anayelifikiria. Doa lina ukubwa mmoja. Huwezi kulipunguza, maana ukilipunguza mkimbiaji hatalisoma. Na ukiuchukua ukubwa ule wa karatasi ukaupeleka ardhini, doa ni pana kuliko tuta. Ni pana kuliko jiko. Kila alama ni kubwa kuliko kitu chake, na inapokaa inawasukuma majirani, kwa sababu lazima pabaki upenyo kati ya alama na alama, jicho lipite. Kazi hiyo tunaiita kusogezana. Jiwe linasogezwa kidogo, njia inapindishwa kidogo, na mara nyingi hakuna anayeumia. Ila nyumba ya Mama Mbonea ilikuwa ukingoni mwa korongo. Mbele yake kontua zilikuwa zimebanana zikawa karibu mstari mmoja. Ningeisogeza, ningeitumbukiza.

Kwa hiyo ilibidi kimoja kiondoke. Nilimwambia wazi, sikumficha. Doa likikaa, nyumba haina nafasi.

Alifikiri kidogo sana.

"Nyumba ni udongo na miti," akasema. "Nitajenga nyingine. Yeye nitamjenga na nini?"

Nikamkubalia, na hapo ndipo ninaporudi kila siku. Nilimkubalia kwa moyo mweupe. Kwetu sisi nyumba ni kijisanduku cheusi kilichojazwa wino, hakina mlango wala dirisha. Ukichora visanduku hivyo kwa muda mrefu unapoteza kitu fulani kichwani, hufikiri tena kwamba kuna sehemu ndani ambako mtu anatandika kitanda. Mchongaji wa vinyago hawezi kukosea hivyo. Mwashi hawezi. Ni sisi tu. Na mama naye, siku ile, alikuwa anaona kama mchoraji, kwa sababu kwake kulikuwa na kitu kimoja chenye rangi na vingine vyote vilikuwa vyeusi.

Nakijwa aliuhamishia mwavuli mkono mwingine. Hakuna aliyemuuliza neno.

Nikabofya nyumba, nikaiondoa. Nikachukua doa, nikaliweka juu ya duara lililoinama. Likakaa vizuri. Msimamizi alipita baadaye, akatazama sehemu ile, akasifu jinsi ilivyosafishika.

Wakimbiaji wakaja. Niliwaona kwa mbali kutoka dirishani, wakishuka mgongo wa kilima na nyuso zao zisizotofautiana. Mmoja wao alisimama penye tuta, akaligusa kwa kiganja, akatazama karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea. Nilijisikia fahari. Naliandika neno hilo kwa sababu ni la kweli. Nilijisikia fahari kama mtu aliyemfufua mtu.

Nilikwenda kutazama. Kwa kawaida mchoraji hatembelei mahali alipopachora, tunasema inaharibu jicho, lakini nilikwenda. Nyumba haikuwepo, wala jiko, wala kamba ya nguo. Palikuwa na nyasi fupi mpaka ukingoni mwa korongo. Na tuta lilikuwa limekua likawa kama doa linavyotaka, duara kamili, refu kunipita kiunoni, halikuinama tena upande wowote. Mama Mbonea alikuwa ameegemea, amenyoosha miguu, anazungumza nalo kwa sauti ya chini. Aliponiona alinikaribisha. Uso wake ulikuwa umetulia. Aliniambia Mbonea hajambo.

Nikamuuliza analala wapi. Akasema hapahapa, kwani kuna mahali pengine?

Wakati huo Nakijwa alikuwa anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Alitembea moja kwa moja kwa hatua za mtu anayeijua njia, akapita mahali palipokuwa mlango, akainama kidogo kama wanavyoinama kuingia nyumba yenye mlango mfupi. Kisha akasimama katikati ya nyasi na ndoo yake. Mama akamwangalia kwa wema, akamwambia, "Karibu mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nakijwa alitua ndoo. Alitaja jina la mama yake, lile la kwanza kabisa, la kabla ya Mbonea. Mama alilifikiria, akasema hamjui mtu huyo, ila maji yanaonekana ni matamu, anaomba kidogo. Nakijwa akamchotea. Mama akanywa, akashukuru, akageukia tuta akaendelea na mazungumzo yake pale alipoyaachia.

Ningependa kusema nilifanya kitu. Nilitazama chini.

Je, mtu ni nani akishaondolewa mahali alipokuwa mtu? Nakijwa hakufa, wala yeye hakusahau; aliyefutwa huwa wa mwisho kujisahau. Ana mikono, ana sauti, ana kivuli jua likitoka. Lakini mahali pote alipopata kuitwa mtoto palikuwa ndani ya kile kisanduku: kwenye kizingiti alipokalia akisukwa, kwenye ukuta alipopimwa urefu kwa mkaa. Alizaliwa ndani ya alama nyeusi. Nimeiondoa alama. Mimi, au yule mwenye saini yangu.

Wenye nguvu, nilifikiri nikirudi, sio wanaoua. Kuua kunaacha tuta. Wenye nguvu ni wanaoamua alama ipi ipewe nafasi, na wengi wao wana huruma kama yangu.

Siku chache kabla ya toleo lililofuata, Nakijwa alikuja ofisini. Haikuwa Asubuhi ya Vidogo, lakini alikuja, akakaa kwenye benchi alipokaa mama yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, dada, tabaka lenye nyumba yenu ninalo, sikulifuta. Nitaliwasha. Nitaliondoa doa, nyumba itarudi, mama atakujua. Nilisema haraka kwa sababu nilikuwa nimeyasema peke yangu mara nyingi.

Akaniuliza, na Mbonea?

Nikatazama doa kwenye skrini.

"Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mama ametulia," akasema. "Alikuwa akinisuka, macho yako nyuma ya jiko. Nikimletea chakula, anakitenga kwanza kidogo. Sasa anacheka, kaka. Jana amecheka." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Usimtoe."

Nikamuuliza anataka nini basi.

Alitaka kuwekwa karibu. Nyumba haikuwa na maana kwake, wala jiko. Yeye mwenyewe, pembeni ya doa, ili wakimbiaji wakipita wamwone na mama akiinua macho amkute. Aliuliza kama kuna alama ya mtu. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeulizia kipimo cha kiatu.

Nikafungua orodha ya alama, nikaipitia yote mbele yake. Kuna alama ya jabali na ya lundo la mawe. Kuna ya kisima, ya uzio, ya uzio uliobomoka, ya mti mmoja mkubwa, ya kisiki. Kuna alama ya kaburi lililojengewa. Ya mtu haipo. Nilimweleza sababu: ramani haichori kinachohama. Asubuhi mtu yuko hapa, mchana yuko mtoni, mkimbiaji atadanganyika.

Mwisho kabisa wa orodha kuna msalaba mdogo mweusi. Ni wa kitu chochote kisichokuwa na alama yake, mradi kionekane na mradi kisiondoke kilipo. Sikutaka kumwonyesha. Nilikuwa nimeshafika hapo na kidole, na aliona.

"Huo je?"

Nikamwambia ni wa vitu visivyohama.

Nakijwa aliitazama skrini kwa muda. Doa la kahawia lilikuwa katikati, na pembeni yake upenyo, na baada ya upenyo palikuwa na nafasi, nyembamba, ya alama moja. Aliweka ukucha wake pale juu ya kioo.

"Nitasimama," akasema.

Nilimwambia afikiri. Nilimwambia kuhusu jua, na mvua, na njaa, na ujana wake. Nilimwambia kuna sehemu nyingi nzuri nyeupe ambazo mtu anaweza kwenda akaanza upya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa vizuri kama nilivyokuwa nikiwatikisia wengine, kisha akauliza kama akisimama hapo, kutoka kwenye tuta mpaka alipo yeye, atakuwa anamsikia mama akiongea.

Nikakuza skrini. Nikapima kutoka ukingo wa doa mpaka kwenye ukucha wake, nikapima tena. Programu yetu inapima umbali, mwinuko na mteremko; sauti haipimi. Nikamjibu kwamba atamsikia.